Ingawa, Lakini na Kosa la "Although … But": Viunganishi vya Ukinzani katika Kiingereza cha Mwanafunzi wa Moshi

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mazoezi ya sarufi ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Tanzania hukutana nayo mara kwa mara ni lile la kuunganisha sentensi mbili zenye maana zinazokinzana kwa kutumia kiunganishi cha Kiingereza alichopewa. Mwanafunzi wa Moshi, awe anaishi mjini au anateremka kila asubuhi kutoka Kibosho au Old Moshi, huweza kupewa sentensi kama hizi zifuatazo na kuambiwa aziunganishe kwa neno "although":

(1) a. It rained heavily.
    b. The furrow was dry.

Jibu linalotarajiwa ni (2a). Jibu ambalo mwalimu wa Kiingereza katika Afrika Mashariki amezoea kulikata kwa wino mwekundu ni (2b):

(2) a. Although it rained heavily, the furrow was dry.
    b. *Although it rained heavily, but the furrow was dry.

(Kinyota, hapa na kwingineko katika makala haya, kinaonyesha tungo isiyokubalika katika lugha inayohusika.) Maelezo ambayo mwanafunzi hupewa ni kwamba ametumia viunganishi viwili mahali panapotosha kimoja. Makala haya yanadai kuwa maelezo hayo ni sahihi kwa upande wa Kiingereza lakini si sahihi kwa upande wa mwanafunzi. Katika sarufi anayokuja nayo darasani, sentensi yake ina kiunganishi kimoja tu, nacho ni "lakini". Neno "ingawa", ambalo yeye amelifasiri kwa "although", lina asili ya kitenzi, na hata leo mwenendo wake katika sentensi ya Kiswahili haujaachana kabisa na asili hiyo. Kosa la (2b), kwa hiyo, si la uzembe wala la kutojua kuhesabu viunganishi. Ni kosa la mtu anayeifuata sarufi yake kwa uaminifu.

Hapana budi kueleza kwa nini ulinganisho unafanywa baina ya Kiingereza na Kiswahili, na si Kichaga. Lugha ya nyumbani ya wengi wa wanafunzi hawa, hasa wa vijiji vya juu, ni mojawapo ya lahaja za Kichaga, kundi ambalo Guthrie aliliweka katika E60 na ambalo uainishaji wake ulichunguzwa kwa kina na Derek Nurse mwaka 1979. Lahaja hizo zimeandikiwa sarufi tangu enzi ya Wajerumani: sarufi ya J. Raum kuhusu lahaja ya Moshi ilitoka mwaka 1909. Kivunjo nacho kiliingia katika mijadala mikubwa ya nadharia ya sintaksia kwa makala ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya mwaka 1990 kuhusu yambwa. Hata hivyo, lugha ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amefundishiwa kuandika, na ambayo kwayo amejifunza kupanga hoja katika insha, ni Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza na kukuta Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, anachokibeba kutoka ukurasa wa daftari lake la zamani kwenda kwenye daftari jipya ni aya ya Kiswahili.

2.0 Ukinzani una sura zaidi ya moja

Kabla ya kulinganisha viunganishi ni muhimu kutenganisha maana, kwa kuwa neno "ukinzani" hufunika mambo ambayo hayafanani. Robin Lakoff, katika makala yake ya mwaka 1971 kuhusu viunganishi, alitofautisha matumizi mawili ya "but". La kwanza ni upambanuzi mtupu wa vitu viwili:

(3) a. Kilele cha Kibo kina barafu lakini kile cha Mawenzi hakina.
    b. Kibo has ice but Mawenzi has none.

Hapa hakuna anayeshangaa. Vilele viwili vimewekwa bega kwa bega na kupambanuliwa, na Kiswahili huweza pia kutumia "ilhali", kama vile Kiingereza kinavyoweza kutumia "while" au "whereas". La pili ni kukanusha matarajio:

(4) a. Mlima Kilimanjaro uko karibu na Ikweta, lakini una theluji.
    b. Kilimanjaro lies near the Equator, but it has snow.

Katika (4) kishazi cha kwanza kinajenga matarajio na cha pili kinayavunja. Ni tungo za aina hii ndizo zinazoweza kugeuzwa kwa "although" bila kuathiri maana. Ukiigeuza (3b) kuwa "Although Kibo has ice, Mawenzi has none", umeingiza dai jipya, kwamba barafu ya Kibo ingetufanya tutarajie barafu Mawenzi pia. Dai hilo linaweza kutetewa, maana Mawenzi ina urefu wa mita 5,149 dhidi ya mita 5,895 za Kibo, lakini halimo katika sentensi ya awali. Mazoezi mengi ya vitabuni hayatofautishi mambo haya mawili. Humtaka mwanafunzi aunganishe kwa "although" sentensi zozote mbili zenye kutofautiana, na matokeo yake ni tungo zilizo sahihi kwa umbo na zisizo na akili kwa maana.

Mfano wa (4) unastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu historia ya mlima wenyewe inaonyesha kuwa matarajio yanayokanushwa hayamo katika mambo yenyewe bali katika vichwa vya wanaozungumza. Mmisionari Johannes Rebmann wa Church Missionary Society aliuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wa msafara wake alieleza weupe ule wa kileleni kwa neno moja tu la Kiswahili, "baridi". Taarifa ya Rebmann ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849 ilikataliwa na mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1852, Inner Africa Laid Open, alishikilia kuwa habari za theluji hiyo haziaminiki. Cooley hakuwahi kufika huku. Alichokuwa nacho ni imani kwamba mahali palipo karibu na Ikweta hapawezi kuwa na theluji ya kudumu. Safari za Baron Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 ndizo zilizothibitisha maneno ya Rebmann.

Kwa lugha ya sarufi, Cooley alikuwa na kishazi cha kwanza cha (4) na matarajio yake, akakikataa kishazi cha pili. Rebmann alikuwa na vishazi vyote viwili na akahitaji "ingawa". Mkulima wa Machame wa wakati ule, ambaye tangu utotoni aliamka akiuona weupe huo juu ya migomba yake, hakuwa na matarajio yoyote ya kukanusha. Kwake yeye mlima ulikuwa hapo na theluji ilikuwa juu yake, na kiunganishi cha kutosha kingekuwa "na". Yaelekea basi kwamba mtoto wa Marangu anayepewa sentensi ya Ikweta na theluji aiunganishe kwa "although" anaombwa kwanza aazime mshangao wa msomaji wa London, kisha ndipo atumie sarufi. Si ajabu akiteleza. Tungo zinazotokana na matarajio yake mwenyewe zingemfaa zaidi, mathalani mfongo uliokauka katikati ya masika, jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia penye mifereji hiyo ya kumwagilia vihamba atalishangaa bila kufundishwa.

Kuna sura ya tatu, ambayo Kiingereza huificha na Kiswahili huionyesha wazi. Linganisha:

(5) a. Mlima huu hauko Kenya, bali uko Tanzania.
    b. Mlima huu hauko Kenya, lakini unaonekana kutoka Kenya.

Katika (5a) kishazi cha pili kinasahihisha cha kwanza na kuchukua nafasi yake. Katika (5b) vyote viwili vinabaki, na cha pili kinapunguza uzito wa cha kwanza. "Bali" hudai ukanushi kabla yake; "lakini" haudai. Wajerumani, ambao wamisionari wao wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wana tofauti hiyohiyo baina ya "sondern" na "aber", na Wahispania baina ya "sino" na "pero". Wafaransa wana neno moja, na Anscombre na Ducrot walilazimika kuandika makala nzima mwaka 1977 kuuliza kama "mais" ni neno moja au mawili. Kiingereza kiko upande wa Kifaransa:

(6) a. The mountain is not in Kenya but in Tanzania.
    b. The mountain is not in Kenya, but it can be seen from Kenya.

Neno ni moja, lakini miundo si mmoja. "But" ya kusahihisha hupenda kuunganisha vipande vilivyo sawa, kundi la maneno kwa kundi la maneno, bila kurudia kiima na kitenzi. Mwanafunzi anayefasiri (5a) neno kwa neno huandika "*The mountain is not in Kenya but it is in Tanzania", tungo ambayo msomaji wa Kiingereza huitafsiri kwa maana ya "lakini" na kubaki akijiuliza ni kipi kilichopunguzwa uzito. Kama kishazi kizima kinatakiwa, Kiingereza huliacha "but" na kuweka nuktamkato. Muundo wa "si … tu, bali pia …" hauna matatizo makubwa kwa kuwa "not only … but also …" unaufuata karibu hatua kwa hatua.

3.0 "Ingawa" na jamaa zake

Viunganishi huru vya ukinzani katika Kiswahili, yaani "lakini", "walakini", "bali" na "ila", vyote vina asili ya Kiarabu. Vilipokelewa vikiwa viunganishi kamili na vimebaki hivyo. Havina viambishi, havinyambuliki, na kila kimoja hukaa baina ya vishazi viwili bila kuweza kuhama. Mtu hawezi kuanza kwa "*Lakini mfongo ulikuwa mkavu, mvua ilinyesha sana" akimaanisha kile kinachosemwa katika (2a). Kwa sifa hizo "lakini" na "but" ni ndugu. Hata "ila" ina mwenzake wa ajabu katika Kiingereza: "but" yenyewe ilitokana na neno la Kiingereza cha kale "butan", lenye maana ya "nje ya" au "isipokuwa", na maana hiyo imesalia katika "all but one", ambayo Kiswahili husema "wote ila mmoja". Lugha mbili zisizo na nasaba zimepita njia moja, kutoka kutoa kimoja katika wengi hadi kupinga kauli kwa kauli.

Hali ni tofauti kabisa kwa maneno yanayoongoza kishazi tegemezi cha ukinzani. Haya ni ya Kibantu, na ni vitenzi. "Ingawa" ni i-nga-wa: kiambishi cha nafsi i-, kiambishi -nga- chenye maana ya kukubali jambo bila kuliruhusu lizuie jingine, na shina -wa la "kuwa". Lugha ya zamani na ya ushairi inafahamu pia "ningawa", "angawa" na "wangawa", ambamo nafsi hubadilika kama katika kitenzi chochote. "Ijapokuwa" ni i-japo-kuwa, na hapa uhai wa kitenzi ni mkubwa zaidi kwani -japo- bado huweza kuambikwa kwenye kitenzi chochote: "nijapokwenda", "ajapolia", "wajapokataa". Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliviweka viambishi hivi mahali vinapostahili, miongoni mwa viambishi vya kitenzi. Vitabu vingi vya shule vilivyofuata vimeorodhesha "ingawa" pamoja na "lakini" na "na" chini ya kichwa kimoja cha "viunganishi", na hapo ndipo tofauti ilipofunikwa.

"Ingawa" na "ijapokuwa" haziko peke yake. Tazama "ikiwa", "iwapo", "isipokuwa" na "kwa kuwa". Karibu familia nzima ya maneno ambayo sarufi za shule huyaita viunganishi tegemezi imejengwa kwa kitenzi "kuwa", aghalabu ikiwa na i- isiyorejelea kitu chochote mahususi. Kiswahili, kinapotaka kukifanya kishazi kiwe tegemezi, hupendelea kukibadili kitenzi chake au kukitangulizia kitenzi kingine. Hakina haja kubwa ya neno la pekee la kuunganishia. Kishazi kilichotegemezwa kwa njia hiyo kinajulikana kuwa hakijakamilika, na msikilizaji anasubiri kinachofuata. Lakini mpaka baina yake na kishazi kikuu haujawekwa alama, na Kiswahili, bila kulazimika, hupenda kuuwekea alama:

(7) a. Ingawa mvua ilinyesha sana, lakini mfongo ulikuwa mkavu.
    b. Ajapolia, lakini hatasikilizwa.
    c. Ikiwa mvua itanyesha, basi tutapanda.
    d. Mvua iliponyesha ndipo tulipopanda.

Katika kila tungo ya (7) kishazi cha kwanza kimetegemezwa na kitenzi, na neno linalofungua kishazi kikuu ndilo linalosimama mpakani. Kwa macho ya sarufi hii, (7a) haina viunganishi viwili. Ina kitenzi cha kukubali na kiunganishi cha kupinga, kila kimoja na kazi yake. Mwanafunzi aliyeandika (2b) ameihamisha (7a) nzima. Ameipa "although" kazi ya "ingawa", ambayo ni kuonyesha kuwa jambo la kwanza limekubaliwa, na ameipa "but" kazi ya "lakini", ambayo ni kuunganisha. Asichoambiwa ni kwamba katika Kiingereza "although" imekwisha kufanya kazi zote mbili.

4.0 Pingamizi mbili

Maelezo haya yanaweza kupingwa kwa njia mbili zenye uzito.

Pingamizi la kwanza ni kwamba msemaji wa leo hasikii kitenzi chochote katika "ingawa". Hilo ni kweli, kama vile Mwingereza asivyosikia "all" na "though" katika "although". Hata hivyo neno huweza kusahau asili yake kwa maana na kuikumbuka kwa mwenendo. Kama "ingawa" ingekuwa imekamilika kuwa kiunganishi sawa na "lakini", ingetarajiwa kwamba (7a) isikike vibaya kwa mzungumzaji wa kawaida kama "*na lakini" isivyopendeza, ilhali haisikiki hivyo. Husikika vibaya kwa waliosoma Kiingereza vizuri. Mtu anaweza kudai kuwa "lakini" ya (7a) ni ziada na kwamba Kiswahili fasaha huiacha. Inaweza kuachwa, bila shaka, na mwandishi anayependa ufupi ataiacha. Lakini kuachwa kwa hiari si sawa na kukatazwa, na mtu anayekata "lakini" katika insha ya Kiswahili kwa hoja kwamba "viunganishi viwili haviwezi kukaa pamoja" ameikosoa lugha moja kwa kanuni ya lugha nyingine. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la (2b), kwa kuwa la mwanafunzi linamharibia alama, na la pili linaharibu maelezo ya lugha.

Pingamizi la pili linatoka mbali. Wanafunzi wa Kiingereza ambao lugha yao ni Kichina nao hufanya kosa hilihili, kwa sababu Kichina huambatanisha "suiran" mwanzoni na "danshi" baadaye katika sentensi moja bila kasoro. "Suiran" haifanani kabisa na "ingawa" kwa umbo. Je, uchanganuzi wa i-nga-wa unaeleza nini basi? Jibu la haki ni kwamba asili ya kitenzi ni njia moja tu ya kufikia hali hiyo. Hali yenyewe ni pana zaidi: katika lugha nyingi neno linalofungua kishazi cha kukubali huwa alama ya aina ya kishazi, na kazi ya kuunga huachiwa neno la pili. Wajerumani huitenda kazi hiyo kwa "zwar … aber". Kiingereza chenyewe, katika nathari ya zamani, kilipenda "though … yet", na "yet" hiyo ilikubalika kwa sababu ni kielezi kinachoweza kuvumilia kukaa ndani ya kishazi kikuu. Kinachokatazwa katika Kiingereza cha leo ni "but" peke yake, ambayo ni kiunganishi huru na haiwezi kufungua kishazi kikuu kilichotanguliwa na tegemezi. Kwa maneno mengine, Kiingereza ndicho kilichochagua njia nyembamba, na mwalimu anayeiita njia hiyo "mantiki" anamdanganya mwanafunzi wake.

Robert Lado, mwaka 1957, aliamini kuwa kulinganisha lugha mbili kutatabiri makosa ya mwanafunzi. Miaka kumi baadaye S. P. Corder alionyesha kuwa kosa lenyewe ni ushahidi wa mfumo ambao mwanafunzi anaujenga. Kosa la "although … but" linawapa haki wote wawili: linatabirika kutokana na Kiswahili, na linaonyesha mfumo.

5.0 Kiima kilichodondoka

Kama maelezo yaliyotolewa hapo juu ni sahihi, inatarajiwa kuwa kuwe na makosa mengine yenye mzizi uleule. Lipo moja ambalo halizungumzwi sana:

(8) a. Alipanda Kibo lakini hakufika kileleni.
    b. He climbed Kibo but did not reach the top.
(9) a. Alipanda Kibo ingawa hakufika kileleni.
    b. *He climbed Kibo although did not reach the top.

Kwa Kiswahili (8a) na (9a) zina muundo unaolingana, kwani nafsi imo ndani ya kitenzi na haihitaji kurudiwa kama neno. Kwa Kiingereza tofauti ni kubwa. "But", ikiwa kiunganishi huru, huruhusu kiima cha kishazi cha pili kidondoshwe kikiwa kilekile cha kishazi cha kwanza. "Although" hairuhusu, maana kishazi tegemezi chenye kitenzi cha wakati ni lazima kiwe na kiima chake. Mwanafunzi amekwisha kuiona (8b) katika vitabu na kuikubali, kisha akaipanua hadi (9b) kwa ulinganifu. Mwalimu anayesahihisha (9b) kwa kuandika tu "he" juu ya mstari hajamweleza kwa nini (8b) haikuhitaji "he", na wiki ijayo mwanafunzi ataweka kiima kila mahali, hata pasipohitajika.

Kwa upande wa "licha ya", lugha hizi mbili zimekaribiana kiasi cha kumsaidia mwanafunzi kama ataonyeshwa. "Licha ya" hufuatwa na jina au kitenzi-jina: "licha ya mvua", "licha ya mvua kunyesha". "Despite" na "in spite of" ni vivyo hivyo. Anayeandika "*Despite it rained" angeweza kujirekebisha kwa kuikumbuka tu "*licha ya mvua ilinyesha", ambayo sikio lake la Kiswahili litaikataa papo hapo. Kadhalika "however" ni kielezi kama "hata hivyo", na haina uwezo wa kuunga sentensi mbili zilizotenganishwa kwa mkato tu. Huhitaji nukta au nuktamkato kabla yake.

6.0 Darasani

Uchanganuzi huu una tokeo moja la vitendo. Katika Kiswahili "lakini" ya mpakani hujitokeza tu pale kishazi cha "ingawa" kinapotangulia. Kikija nyuma, haina mahali pa kukaa:

(10) a. Mfongo ulikuwa mkavu, ingawa mvua ilinyesha sana.
     b. The furrow was dry, although it rained heavily.

Katika mpangilio wa (10) Kiswahili na Kiingereza vinalingana kabisa, na mwanafunzi hana cha kuhamisha kinachoweza kumponza. Pamoja na hayo, vitabu na mitihani hupendelea mpangilio wa (2), ambao "although" iko mwanzoni, yaani mpangilio uleule ambao lugha hizi mbili zinaachana. Inafaa ufundishaji uanze na (10), hadi mwanafunzi aizoee "although" kama neno linaloweza kusimama peke yake baina ya vishazi viwili na kuvishika vyote. Baada ya hapo kishazi kinaweza kuhamishwa mbele, na mwanafunzi aonyeshwe kwamba neno limehama pamoja na kishazi chake na halikuacha kitu nyuma. Akiuliza "lakini" imekwenda wapi, ajibiwe kuwa katika (10a) pia haikuwapo, na aandikiwe (7a) ubaoni, bila kinyota, kando ya (2b) yenye kinyota.